Dawa ya Presha ya Macho Inapoyakausha Macho

Mgonjwa wa glakoma, ugonjwa ambao wengi tunauita presha ya macho, haji kliniki kuilalamikia glakoma. Mara nyingi glakoma haiumi. Anacholalamikia ni macho kuchoma, kuwasha, kukwaruza kana kwamba yameingiwa na mchanga, na kutoa machozi kila upepo ukivuma. Ukimuuliza yalianza lini, mara nyingi jibu ni moja: tangu nilipoanzishiwa dawa. Maswali yaliyo hapa chini yametoka Olasiti, magharibi mwa Jiji la Arusha, upande wa kuelekea Kisongo na uwanja wa ndege, ambako tangu Julai mpaka mvua za vuli zianguke vumbi halibishi hodi. Anayejibu ni daktari wa macho.

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 64 na huu ni mwaka wa tatu natumia dawa ya presha ya macho. Machozi yananitoka mpaka kanisani watu wanadhani nina msiba. Juzi nimeambiwa nina macho makavu. Ni ukavu gani huo wa mtu anayetiririka machozi?

Shikamoo mama. Aliyekuambia hajakosea. Jicho lina machozi ya namna mbili. Yapo ya kudumu, utando mwembamba sana unaolifunika jicho mchana kutwa bila wewe kujua kwamba upo. Na yapo ya dharura: ukikata kitunguu, ukiingiwa na mdudu, ukifiwa. Ya dharura hufunguka kwa wingi na kushuka mashavuni. Yaliyokupungukia wewe ni yale ya kwanza.

Machozi ya kudumu si maji matupu. Chini, yanapogusana na jicho, kuna ute unaoyafanya yashike. Katikati kuna maji yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu. Juu kabisa kuna mafuta yanayotoka kwenye vijitezi vilivyojipanga kwenye kingo za kope, na kazi yake ni kuyazuia maji yasikauke. Kila unapopepesa, kope zinautandaza utando huo upya. Katika jicho lenye afya hukaa sekunde 10 au zaidi kabla ya kuanza kupasuka. Katika jicho kavu hupasuka hata kabla hujapepesa tena, na pale unapopasuka kioo cha jicho kinabaki uchi. Kioo hicho kina neva za maumivu zilizosongamana kuliko ngozi yako yote. Zikiguswa na hewa zinapeleka habari, ubongo unaagiza machozi ya dharura, nayo yanakuja kwa fujo, maji mengi na mafuta kidogo, yanamwagika na kuliacha jicho likiwa kavu vilevile.

Kuna dhana moja niiondoe mapema. Wengi hufikiri dawa ya presha hukausha macho kwa sababu kazi yake ni kupunguza maji. Maji hayo ni mengine. Hutengenezwa ndani ya jicho, huzunguka humo ndani, na hutokea kwenye vijifereji vilivyo pale kioo kinapokutana na sehemu yenye rangi. Hayakutani na machozi kabisa. Dawa hukausha kwa njia nyingine.

Mimi naona ni vumbi tu. Barabara ya kwetu gari likipita huioni nyumba ya jirani. Mbona dawa ndiyo inalaumiwa?

Vumbi lina kesi yake na silitetei. Lakini kuna upelelezi rahisi. Baadhi ya wagonjwa wanadondosha dawa jicho moja tu, na vumbi halichagui jicho. Kama jicho linalodondoshewa ndilo jekundu na mwenzake ametulia, mshukiwa wa kwanza ni chupa.

Kwenye chupa hiyo, dawa yenyewe haiko peke yake. Kuna kihifadhi kilichowekwa ili bakteria wasiote humo ndani, na kinachotumika zaidi duniani kwenye matone ya macho kinaitwa benzalkoniamu kloridi. Ni jamii ya sabuni. Huua kijidudu kwa kuupasua utando wake wa nje, na haina uwezo wa kutofautisha kijidudu na jicho lako. Kila tone huyavuruga mafuta ya machozi kama sabuni inavyoyavuruga mafuta ya sufuria, huzichosha seli zinazotengeneza ute, na huziumiza seli za juu za kioo. Tone moja halina neno. Glakoma lakini ni ya maisha. Mtu mwenye chupa mbili, kila moja asubuhi na jioni, hudondosha mara 4 kwa siku katika kila jicho, karibu mara 1,500 kwa mwaka, na mwaka unaofuata anaanza tena.

Hali hii imepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walichapisha taarifa za wagonjwa 4,107 wa presha ya macho. Kwa waliotumia matone yenye kihifadhi, asilimia 43 walisema yanawaumiza wakati wa kudondosha. Kwa waliotumia yasiyo na kihifadhi ni asilimia 17. Hisia ya mchanga jichoni ilikuwa asilimia 31 dhidi ya 14. Miaka sita baadaye uchunguzi mdogo zaidi uliwatazama wagonjwa 101 wa glakoma, na 60 kati yao walikuwa na dalili za ukavu walau katika jicho moja. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi la kliniki ya glakoma na jirani yako anafuta macho kwa kitambaa, hauko peke yako, wala hujirogi.

Nisieleweke vibaya: kihifadhi hakikuwekwa kwa hila. Chupa hutumika mwezi mzima, ncha yake hugusa kope na kidole, na huku kwetu hata dirisha lililofungwa hupitisha vumbi. Chupa ya kawaida isiyo na kihifadhi ikitumika hivyo inaweza kuleta maambukizi mabaya kuliko ukavu wenyewe. Ndiyo sababu dawa zisizo na kihifadhi hutengenezwa katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja na kutupa, au katika chupa za kisasa zenye vali maalumu. Na ndiyo sababu zina bei.

Dawa yenyewe nayo ina tabia zake. Timololi, ambayo kwa bei yake nafuu ndiyo wengi huanzishiwa, hupunguza hisia za kioo cha jicho, na jicho lisilohisi vizuri husahau kupepesa. Dozolamidi ina uchachu kidogo, huchoma pale pale inapoingia. Brimonidini inaweza kukaa nawe vizuri kwa miezi kisha ikazua mzio, macho yakawasha na kuvimba kope. Latanoprosti huleta wekundu, hurefusha kope kiasi cha kuwafurahisha akina dada, na huweza kuharibu utendaji wa vile vijitezi vya mafuta. Tena ile ya kampuni iliyoivumbua ina kihifadhi kingi kuliko nyingi, asilimia 0.02.

Sasa turudi kwenye vumbi lako. Arusha iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi hewa yake ni kavu na ya upepo. Ongeza moshi wa kuni, ongeza bodaboda bila miwani, ongeza simu ambayo mtu akiikodolea hupepesa nusu ya kawaida. Ongeza umri, kukoma hedhi kwa akina mama, kisukari, na vidonge kama vya mzio au amitriptilini. Kwa wazee waliokulia Longido, Monduli au Ngorongoro kuna jambo ambalo haliulizwi vya kutosha: vikope, yaani trakoma, ya utotoni. Makovu yake ndani ya kope huharibu vijitezi na kugeuza kope ziingie jichoni. Mzee wa namna hiyo akibadilishiwa dawa mara tano hatapona, mpaka mtu aigeuze kope yake na kutazama ndani. Mara nyingi basi ni mchanganyiko: jicho lililokuwa limechoka tayari, likaongezewa tone lenye sabuni.

Mimi ni dereva, miaka 58. Nimegundua nikiacha dawa wiki moja macho yanatulia kabisa, na naona vizuri tu. Kuna ubaya gani nikiyapumzisha wiki moja kila mwezi?

Ubaya upo, kaka, na nakuomba usirudie. Hili ndilo swali ninaloliogopa kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa mtu mwenye akili anayefuata kile anachokihisi. Ukiacha dawa, maumivu yanaondoka siku chache tu. Presha inapanda kidogo kidogo na haikuambii kitu. Kwa hiyo mwili wako unakupa ripoti ya uongo: kwamba dawa ndiyo ugonjwa.

Glakoma hula neva inayopeleka picha kutoka jichoni kwenda ubongoni, ikianzia pembeni. Katikati hubaki safi mpaka mwishoni. Unasoma gazeti, unahesabu chenji, unaiona barabara iliyo mbele yako, na huku mtoto anayetokea kushoto na pikipiki inayokupita kulia vinafutika taratibu bila wewe kugundua, kwa sababu jicho la pili linaziba pengo. Neva iliyokufa haifufuki, si kwa dawa, si kwa leza, si kwa upasuaji. Dereva anayesema anaona vizuri tu anasema kweli kuhusu katikati.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 na kuendelea. Asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Ni mtu mmoja katika kila 24.

Lakini kukwambia usiache, kisha nikunyamazie juu ya macho yanayochoma, kutakuwa kukuonea. Nieleze kinachotokea kliniki pale mgonjwa asiposema. Mtu anaruka dozi kwa sababu dawa inamchoma. Siku ya kliniki presha yake inasoma juu. Daktari anaona dawa imeshindwa, anaongeza chupa ya pili. Sasa kihifadhi ni mara mbili, macho yanachoma mara mbili, mgonjwa anaruka zaidi. Au kinyume chake: mgonjwa anakumbuka tarehe, anadondosha kwa bidii siku tatu za mwisho, presha inasoma vizuri, anaandikiwa aendelee hivyohivyo, na mwaka ukipita neva imeliwa huku daftari la kliniki likionyesha namba nzuri tupu. Katika hali zote mbili daktari anatibu mtu ambaye hayupo.

Lawama si yako peke yako. Foleni ni ndefu, presha inapimwa, namba inaandikwa, mgonjwa anaambiwa aendelee. Kumuuliza kama dawa inamchoma huchukua nusu dakika, na swali hilo haliulizwi inavyopaswa. Basi liseme wewe bila kuulizwa. Sema: dawa inanichoma, na mwezi huu nimeruka siku kadhaa. Hakuna daktari mwenye busara atakayekugombeza. Atakachokifanya ni kubadilisha. Pengine atakutoa kwenye dawa moja akupe nyingine. Pengine dawa mbili zitaunganishwa katika chupa moja, kihifadhi kikapungua kwa nusu. Pengine utapata isiyo na kihifadhi, au leza ambayo nitaieleza mbele. Kubadilisha huko kunafanyika bila presha yako kuachwa wazi hata siku moja.

Shikamoo daktari. Baba yangu ana presha ya macho na macho yake ni mekundu siku zote. Nilimnunulia dawa ya matone duka la dawa, siku mbili yakawa meupe kabisa. Kila ikiisha namnunulia nyingine. Niko sawa?

Marahaba, na pole kwa kumuuguza mzee. Chukua hiyo chupa usome maandishi yake madogo. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya bakteria kama jentamisini, basi hujakaa sawa hata kidogo. Hizo ni steroidi. Zinaondoa wekundu haraka, na humo ndimo hatari yake ilimo, maana kila mtu huzisifu. Steroidi ikitumika jichoni kwa wiki kadhaa huziba zile njia za kutolea maji ndani ya jicho na kupandisha presha. Kwa mtu asiye na glakoma huenda isipande, au ikapanda kidogo. Mwenye glakoma ndiye wa kwanza kupandishwa, na hupandishwa sana. Baba anadondosha chupa moja ya kushusha presha na nyingine ya kuipandisha, na wewe umelipia zote mbili.

Mpeleke akapimwe presha wiki hii, na uende na chupa yenyewe. Usiitupe njiani kwa aibu. Simaanishi kwamba steroidi haina kazi. Sisi wenyewe huitumia, hata kwa ukavu mkali, kwa siku chache, tukiipima presha. Tofauti iko kwenye kuipima. Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye mzio wa macho anayenunuliwa dawa hizohizo muhula hadi muhula, naye mpelekeni. Wapo watoto wanaofikia kupoteza uoni kwa glakoma iliyotengenezwa na chupa ya namna hiyo.

Zile nyingine za kung'arisha macho, zinazobana mishipa ya damu, hazina steroidi lakini zina hila yake: zikiisha nguvu wekundu hurudi zaidi ya ulivyokuwa. Mwenye glakoma asizitumie bila kuuliza.

Na maziwa ya mama, asali, au majani ya kukamulia?

Hapana, hapana na hapana. Jicho kavu lina michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na chochote kisicho safi kikiingia hapo kinaweza kuleta kidonda cha kioo cha jicho. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Tiba ya nyumbani ninayoikubali ni kitambaa safi na maji ya uvuguvugu: fumba macho, weka kitambaa juu ya kope dakika 5 hadi 10, kisha sugua kingo za kope taratibu kwa kidole kilichonawa. Mafuta yaliyoganda kwenye vijitezi yanalainika na kutoka. Asubuhi unaondoa pia tongotongo bila kuyachokonoa.

Nina bibi ninayemhudumia. Ana dawa mbili za presha na machozi ya bandia. Ipi ianze, na matone mangapi?

Anza na za presha. Dawa ya kwanza, tone moja; subiri dakika 5; dawa ya pili, tone moja; subiri dakika 10; machozi ya bandia mwisho. Ukiyatanguliza machozi utaizimua dawa.

Tone moja linatosha kabisa. Nafasi iliyopo kati ya kope na jicho ni ndogo kuliko tone linalotoka kwenye chupa, kwa hiyo tone la pili linaishia shavuni na kuongeza kihifadhi kwenye ngozi. Nawa mikono, mwambie bibi atazame juu, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, dondosha bila kugusa. Kisha afumbe macho, asipepese, na wewe bonyeza kwa kidole ile kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2. Pale ndipo kilipo kitundu kinachopeleka machozi puani. Ukikibana, dawa inabaki jichoni badala ya kuingia kwenye damu. Kinachobaki nje futa. Latanoprosti huwekwa jioni, hivyo usimwache alale na ngozi iliyoloa dawa.

Hapa niongeze kitu ambacho hukuuliza. Timololi ikiingia kwenye damu hupunguza mapigo ya moyo na kubana njia za hewa. Kama bibi ana pumu, au alianza kuhema na kuishiwa nguvu tangu apewe chupa hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu machozi ya bandia, uliza famasi kama yana kihifadhi. Hapa pana kichekesho cha kusikitisha: chupa nyingi za bei nafuu zina kihifadhi kilekile kilichomkausha. Kwa mtu anayedondosha mara moja au mbili kwa siku si vibaya. Akizidisha mara 4, atafute yasiyo nacho, au usiku apakwe malhamu ya kulainisha macho, akijua kwamba itamtia ukungu mpaka asubuhi. Na chupa yoyote ya matone ikishafunguliwa, andika tarehe juu yake. Wiki 4 zikipita, itupe hata kama imebaki nusu. Latanoprosti ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kwa hiyo ukiiona imepangwa dirishani kwenye jua, nunua kwingine.

Ukavu hupimwaje? Nilitiwa rangi ya machungwa machoni nikaogopa.

Usiogope, rangi hiyo inaitwa fluoresini na hutoka yenyewe kwa machozi. Chini ya mwanga wa buluu inaonyesha utando unapasuka baada ya sekunde ngapi na kioo kimechubuka wapi. Kipimo kingine ni kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, machozi ni haba. Kilibuniwa na daktari Mjerumani, Otto Schirmer, mwaka 1903, na mpaka leo kinafaa kwa sababu ni karatasi tu, hakihitaji umeme.

Je, naweza kutibiwa glakoma bila matone kabisa? Nimesikia habari za leza kwamba wazungu wanafanyiwa.

Si wazungu tu. Ushahidi mzuri kuliko wote kwa mtu wa Arusha ulipatikana Moshi, kilomita 80 hivi kutoka hapa, katika Hospitali ya KCMC. Kati ya Agosti 2015 na Mei 2017 waliandikishwa wagonjwa 201 wa glakoma, macho 382 kwa jumla. Kwa kura, nusu walipewa matone ya timololi ya asilimia 0.5, na nusu wakafanyiwa leza inayolenga vile vijifereji vya kutolea maji. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyofanyiwa leza, na asilimia 31 tu ya yale ya timololi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Uingereza walikuwa wametangulia mwaka 2019: kati ya wagonjwa walioanzishiwa leza, karibu robo tatu walikuwa hawahitaji matone yoyote baada ya miaka mitatu.

Ukiyatazama matokeo ya Moshi utaona yanazungumzia hasa haya tunayoyajadili. Timololi si dawa dhaifu, inashusha presha vizuri ikidondoshwa. Lakini lazima inunuliwe, idondoshwe mara mbili kila siku, ivumiliwe, mwezi kwa mwezi, na mtu ambaye haoni faida yake. Leza haingoji mtu akumbuke. Kwa mwenye macho makavu ina faida ya ziada: haina kihifadhi.

Yenyewe huchukua dakika chache. Unakaa kwenye mashine, unatiwa tone la ganzi, kidevu juu ya kiegemeo, unaona mimweko ya mwanga, hakuna kisu wala kitanda, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Jicho linaweza kuwa zito kwa siku mbili tatu. Lakini haimfai kila mtu. Glakoma ya njia zilizojifunga ina matibabu yake mengine. Nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyopita, na huenda ikarudiwa. Na yule aliyekwishapoteza sehemu kubwa ya uoni mara nyingi anahitaji upasuaji, si leza wala tone.

Kwa huyo wa upasuaji ukavu una hesabu nyingine, na wagonjwa hawaambiwi. Upasuaji wa glakoma hutengeneza njia mpya ya maji chini ya ule utando mweupe unaofunika jicho. Mwaka 1994 watafiti wa London walionyesha kwamba macho yaliyodondoshewa dawa nyingi kwa miaka mingi hufanya vibaya zaidi katika upasuaji huo, kwa sababu utando uliowaka kwa muda mrefu hujaa seli za kovu, na kovu huziba njia mpya. Kutuliza wekundu na ukavu mapema, kwa hiyo, ni kumwandalia pia mpasuaji wa kesho jicho linaloweza kupona.

Kama una nia ya leza, anza na kliniki unayohudhuria, iwe Hospitali ya Mount Meru au kwingine, uombe barua ya rufaa. Beba chupa zako zote, hata zile ulizonunua mwenyewe dukani, na daftari lenye namba za presha tangu mwanzo. Uliza bima yako inalipa nini kabla ya safari. Usiache matone kwa kuwa umepangiwa leza. Hata baada ya kufanyiwa, yatapunguzwa pale tu presha itakapopimwa tena na kuonekana imeshuka, jambo linalochukua wiki kadhaa. Machozi ya bandia utayaendeleza muda zaidi, maana jicho lililochubuliwa kwa miaka haliponi kwa wiki moja. Na siku utakayopanda gari la Moshi, miwani ya jua ivae tangu mlangoni kwako. Dirisha la Noah likifunguliwa hapo Olasiti, vumbi lote ni la kwako.